Kinanda Kinaposahau



Wimbo wa kwaya haupotei kwa urahisi. Waimbaji arobaini wanapoujua, umeandikwa mara arobaini katika vifua vya watu, na hata nusu yao wakihama, nusu iliyobaki itaurudisha. Sisi watu wa Fizi tunalijua jambo hilo kwa machungu. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vilipowasukuma watu wetu kuvuka Ziwa Tanganyika hadi mkoa wa Kigoma, wakaishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, wengi waliondoka mikono mitupu. Madaftari yaliachwa, ngoma ziliachwa, lakini nyimbo zilivuka ziwa pamoja nao. Na mwaka 2005, watu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, nyimbo zilirudi nao.

Sauti za kinanda cha umeme hazina bahati hiyo. Tunaposema sauti hapa hatumaanishi wimbo, wala ustadi wa vidole vya mpigaji. Tunamaanisha rangi ya mlio ambayo mpigaji ameitengeneza mwenyewe kwa subira, akipunguza ukali hapa na kuongeza mtetemo pale, hata akapata mlio mtulivu wa wakati wa Komunyo, au mlio mkavu unaopatana na ngoma wakati wa matoleo. Mlio huo hukaa mahali pamoja tu: ndani ya chombo kimoja, katika sakristia moja, chini ya bati moja. Hata aliyeutengeneza, ukimwomba baada ya mwaka akueleze alivyoupanga, hatakumbuka yote.

Katika tafakari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya kutengeneza nakala za akiba za sauti hizo, na kuzihamisha kutoka kinanda kimoja hadi kingine. Mtasema kwamba hiyo ni kazi ya mafundi. Ni kweli, lakini tuliyoyapitia katika kwaya yetu yametufundisha kwamba waya na kompyuta zilikuwa sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Sehemu nzito ilikuwa kukubaliana ni nani mwenye sauti, na ni nani atakayezipokea.

Kumbukumbu inayotegemea betri

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee katika Kanisa la Kilatini, na ukaruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada. Katika kinanda cha mabomba, bomba lenyewe ndilo sauti. Liko pale kwa chuma au kwa mbao, na asubuhi utalikuta kama ulivyoliacha jioni.

Kinanda cha umeme kinachoitwa sintetiza kimejengwa kwa namna nyingine. Mlio wake hutokana na namba. Namba moja huamua sauti ianze kwa upole au kwa kishindo. Nyingine huamua idumu kwa muda gani baada ya kidole kuinuliwa. Nyingine hupanga ung'avu wake. Katika Yamaha DX7, kinanda mashuhuri kilichotoka mwaka 1983, sauti moja huelezwa kwa namba 145, pamoja na jina lisilozidi herufi 10. Mpigaji anayebadilisha sauti anazibadilisha namba hizo moja baada ya nyingine, akisikiliza, akirudi nyuma, akijaribu tena.

Namba hizo zinakaa wapi umeme unapozimwa? Katika sintetiza nyingi za zamani, zile zinazotufikia zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine, zinalindwa na betri ndogo ya duara, yenye ukubwa wa sarafu na nguvu ya volti 3, iliyofungwa ndani ya chombo mahali ambapo mpigaji haioni. Betri hiyo hudumu miaka mingi, na kwa sababu hiyo watu husahau kwamba ipo. Siku inapokwisha, kinanda hupiga bado, lakini sauti zote zilizotengenezwa kwa mkono zimefutika. Kwaya moja jirani ilipatwa na jambo hilo kwenye mkesha wa Noeli. Waliwasha kinanda, na kioo chake kikaonyesha alama zisizo na maana mahali pa majina ya sauti. Waliimba Misa ile kwa ngoma na makofi. Misa ilikuwa nzuri, lakini kazi ya miaka ilikuwa imekwenda, na haikurudi.

Vinanda vipya havitegemei betri ya namna hiyo. Hata hivyo, navyo hufutika. Katika vinanda vingi vidogo vya Yamaha vya mfululizo wa PSR-E, mtu akibonyeza kitufe cheupe cha mwisho upande wa kulia na kukiwasha kinanda wakati huohuo, mipangilio mingi iliyohifadhiwa hufutwa. Utaratibu huo umewekwa kwa makusudi, ili chombo kilichovurugika kirudi katika hali yake ya kiwandani. Lakini fikirini mtoto anayecheza na kinanda baada ya katekisimu, mkono mmoja juu ya vitufe na mwingine juu ya swichi.

Lugha ya vinanda

Dawa ya jambo hili imekuwapo tangu zamani. Mwezi Januari mwaka 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, Marekani, sintetiza mbili za kampuni mbili zilizoshindana sokoni ziliunganishwa kwa waya, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland. Mtu alipopiga moja, nyingine iliitikia. Lugha waliyozungumziana iliitwa MIDI. Waliosukuma makubaliano hayo mbele ni Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi, na kampuni zilikubaliana kwamba kila mtengenezaji aitumie bila kulipia. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Tunawataja kwa sababu washindani wale walitambua kwamba chombo kisichoweza kuzungumza na kingine kitakufa peke yake.

Waya wa MIDI una kichwa cha duara chenye pini 5. Hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, yaani kiasi cha baiti 3,125. Kwa kompyuta za leo hiyo ni kasi ya kobe, lakini inatosha, kwa sababu waya huo haubebi mlio wenyewe. Hubeba maagizo tu: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani, sasa kimeachwa. Na jambo jingine la hekima limewekwa humo. Mahali ambapo chombo hupokea ujumbe, umeme hugeuzwa kwanza kuwa mwanga mdogo, kisha mwanga hugeuzwa tena kuwa umeme, ili nyaya za umeme za chombo kimoja zisigusane na za kingine.

Kwa ajili ya sauti zilizotengenezwa na mpigaji, MIDI ina ujumbe wa namna ya pekee. Huanza kwa namba 240 na kumalizika kwa namba 247. Mara baada ya 240 hufuata namba ya kampuni: 65 ni Roland, 66 ni Korg, 67 ni Yamaha. Kinanda kinachosikia namba isiyo ya kampuni yake hunyamaza na kuuacha ujumbe upite. Kinachosikia namba yake hufungua mlango na kupokea yanayofuata, yaani zile namba za sauti.

Chukueni tena mfano wa DX7. Kumbukumbu yake ina nafasi za sauti 32. Sauti zote 32, zikifungwa pamoja katika ujumbe mmoja, ni baiti 4,104. Kwa kasi ya MIDI, safari yake ni kama sekunde moja na theluthi. Kazi iliyomlaza kijana usiku wa manane kwa miaka mitatu hupita katika waya kabla hujamaliza kufanya ishara ya msalaba.

Mwishoni mwa ujumbe kama huo kuna namba ya kuhakiki. Kinanda kinachotuma hujumlisha namba zote za sauti, kisha huongeza namba moja ambayo itaufanya ujumla ugawanyike kwa 128 bila kubaki kitu. Kinachopokea hujumlisha upya. Hesabu isipolingana, kinajua kwamba kuna kilichopotea njiani. Sisi tuliosomea ualimu tulifurahi kuliona jambo hili, maana ndilo tunalowafundisha watoto darasani kila siku: ukimaliza hesabu, ihakiki kwa njia nyingine.

Sauti ni za nani?

Tuwaeleze sasa yaliyotukia kwetu Baraka. Kwaya yetu ina kinanda cha mitumba kilichotufikia kwa njia ya ziwa. Kijana mmoja, ambaye hakuwahi kuketi katika shule ya muziki, alikizoea kuliko sisi sote. Kwa miaka mitatu, jioni baada ya jioni, nishati ya jua iliyobaki katika betri ikiruhusu, alitengeneza sauti. Moja ililia kama likembe, nasi tuliipenda kupita zote. Nyingine ilikuwa nzito na ya mbali, akaiweka kwa ajili ya Misa za wafu. Kulikuwa na akina mama katika parokia ambao hawakujua jina la sauti yoyote, lakini waliijua ile ya wafu mara tu ilipoanza.

Kisha mambo mawili yalikuja pamoja. Kioo cha kinanda kilianza kuonyesha onyo kwamba betri ya ndani inakwisha. Na kijana yule alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu huko Bukavu.

Fundi wa redio alitueleza kwamba betri inabadilika, tena kwa gharama ndogo, lakini itakapotolewa kumbukumbu yote itafutika. Kwa hiyo ilitupasa kwanza kuzitoa sauti na kuziweka katika kompyuta. Tulidhani ni jambo la kununua waya tu. Tulipokutana ili kulipanga, kijana alisimama akasema:

"Baba Katekista, sauti hizi ni jasho langu. Hakuna aliyekesha nami. Nikiziacha, mwingine atakuja kuzichezea na kuziharibu, kisha watu watasema kwamba ndivyo nilivyokuwa nikipiga."

Mzee mmoja wa kwaya akajibu kwamba kinanda ni cha parokia, umeme ni wa parokia, kwa hiyo na sauti ni za parokia. Wengine wakapiga makofi. Kijana akaketi, akainama. Tuliona wazi kwamba tungeweza kumshinda siku ile kwa wingi wa mikono, na kwamba tukimshinda hivyo, tungebaki na sauti na kumpoteza mtu.

Tulitafakari, tukaona kwamba wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu. Bila kinanda cha waamini, kijana asingekuwa na mahali pa kujifunzia. Bila kijana, kinanda kingekuwa na sauti za kiwandani tu, zile zile zilizoko kila mahali duniani. Ndipo tulipokumbuka daftari letu la nyimbo. Kila wimbo ndani yake una jina la mtunzi, na kila wimbo unaimbwa na wote. Jina halijawahi kumzuia mtu kuimba, na kuimba kwa wengi hakujawahi kumnyang'anya mtunzi wimbo wake. Kwa nini sauti za kinanda zisiwekwe katika utaratibu huohuo?

Tena nakala ina tabia moja ambayo shamba au mkate hauna. Ukigawa mkate, unabaki na nusu. Ukigawa nakala ya sauti, unabaki na yote, na mwenzako anayo yote. Ugomvi wa "zangu" na "zetu" ulikuwa wa kitu ambacho kingeweza kuwa kwa wote wawili bila kumpunguzia yeyote.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Na jina langu litaandikwa wapi?"

"Katika daftari lile lile la nyimbo, mwanangu. Sauti kwa sauti, na mwaka ulipoitengeneza."

Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe na kompyuta ya kuazima.

Kutoka Baraka hadi Fizi

Kazi yenyewe iliendeshwa hivi. Kijana aliunganisha tundu la kinanda la kutolea na tundu la kifaa cha MIDI la kupokelea, na kifaa hicho akakichomeka katika kompyuta. Ni lazima waya wa kutoa uelekee kwenye tundu la kupokea, na wa kupokea uelekee kwenye la kutoa. Wengi hukwama hapo, kwa sababu maandishi ya juu ya waya huwachanganya. Katika kompyuta alifungua programu ya bure iitwayo MIDI-OX, inayofanya kazi katika Windows. Wenye kompyuta za Apple wanayo SysEx Librarian. Aliiambia programu isubiri, ndipo akabonyeza kinanda kitume. Zikapita sekunde chache, na faili ikawa pale, ndogo kuliko picha moja ya simu.

Hakuridhika na faili moja. Alituma mara ya pili, akazilinganisha faili hizo mbili, zikalingana baiti kwa baiti. Alitueleza sababu: vifaa vya MIDI vya bei ya chini sana hudondosha sehemu ya ujumbe mrefu bila kusema neno, nawe ukadhani una nakala, kumbe una kipande. Jambo jingine aliloangalia ni umeme. Alifanya kazi mchana, jua likiwa kali na betri ikiwa imejaa, ili chombo kisizimike katikati ya safari ya namba.

Lakini nakala ambayo haijawahi kurudishwa ndani ya kinanda bado ni tumaini tu. Tulitaka kuijaribu kabla fundi hajagusa betri. Kwa bahati njema, kwaya ya Fizi ina kinanda cha aina ileile. Jambo hilo la aina moja ni la lazima, vijana. Ujumbe huu ni kama karatasi ya mapishi iliyoandikwa kwa jiko moja. Kwa kawaida kinanda cha aina nyingine hakitaweza kuusoma hata kama ni cha kampuni ileile. Ni kweli kwamba mwaka 1991 kampuni zilikubaliana juu ya orodha ya sauti 128 iitwayo General MIDI, ili piano iwe namba 1 katika kila chombo kinachoifuata. Orodha hiyo husaidia wimbo uliotengenezwa Nairobi usikike vizuri Baraka. Haisaidii sauti ambayo kijana wenu ameibuni mwenyewe.

Basi faili iliwekwa katika flashi, flashi ikatiwa mfukoni, na pikipiki ikapanda milima kuelekea Fizi. Huko alitupokea binti anayepiga kinanda cha kwaya yao. Kabla ya jambo lolote alisema:

"Kaka, tusubiri kidogo. Kwanza nihifadhi za kwetu."

Alikuwa na haki. Ujumbe unaobeba sauti zote kwa pamoja hufuta zilizokuwapo na kukaa mahali pake. Angepokea zawadi yetu kwa haraka, angepoteza sauti za Fizi siku hiyohiyo. Tulimsubiri akatengeneza nakala yake, akaipa jina na tarehe. Hapo tulijifunza kitu ambacho hatukukitarajia: hata mgeni mwema anayeleta zawadi anaweza kufuta kilichokuwapo nyumbani, kama wenyeji hawakukiweka akiba kwanza.

Mara ya kwanza kinanda cha Fizi kilikataa. Ulinzi wa kumbukumbu ulikuwa umewashwa, kwa hiyo hakuna kilichoweza kuandikwa. Wakauzima. Mara ya pili kilinyamaza tena, na wakakuta kwamba kompyuta inatuma kwa chaneli 1 na kinanda kimewekwa chaneli 2. Wakalingana. Mara ya tatu kioo kiliandika majina ya sauti moja baada ya nyingine. Binti alichagua ile ya likembe, akapiga, na watu waliokuwa wakifagia uwanja wa kanisa waliingia kutazama. Kijana wetu hakusema kitu. Alikuwa akisikiliza sauti yake ikitoka katika mikono ya mwingine, mbali na ziwa, nayo haikuwa imeharibika.

Tuliporudi Baraka, fundi alichomoa waya wa umeme, akafungua kinanda na kubadilisha betri. Kilipowashwa, kioo kilionyesha alama zisizo na maana, kama ilivyokuwa kwa kwaya jirani. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na faili. Tuliirudisha, na Jumapili iliyofuata sauti zilikuwa mahali pake. Kijana alisafiri kwenda Bukavu na nakala yake. Binti wa Fizi ametuletea sauti tatu za kwao, nasi tumeandika jina lake katika daftari.

Mnyororo wa makabidhiano

Katika nchi yetu ya Fizi tunajua kumbukumbu hulindwaje. Tarehe 28 Novemba 1964, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka, na siku hiyohiyo Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kanisa liliwatangaza wenye heri. Kati ya tarehe hizo mbili kuna karibu miaka 60, yenye vita na uhamisho. Mtu hatangazwi mwenye heri kwa uvumi; ni lazima ushahidi ukusanywe na kuandikwa. Kama habari ya siku ile ingekaa katika kifua cha mtu mmoja, ingezikwa pamoja naye. Hatulinganishi sauti za kinanda na damu ya mashahidi. Tunasema tu kwamba sheria ya kumbukumbu ni moja kwa mambo makubwa na kwa madogo: kinachokaa mahali pamoja hakina ulinzi.

Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 2, anamwagiza mwanafunzi wake ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu, ambao nao wataweza kuwafundisha wengine. Hesabuni mikono: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, wengine. Ni mikono minne katika agizo moja. Kwa hiyo faili katika flashi haitoshi. Flashi bila mtu anayejua kuirudisha ni sanduku lenye kufuli lisilo na ufunguo. Mwalimu anayehama hawezi kuacha daftari la maandalio tu. Humketisha anayempokea, wakapitia somo kwa somo.

Kwa sababu hiyo kwaya yetu imeweka taratibu chache. Nakala hukaa mahali patatu: katika kompyuta, katika flashi iliyo ofisini mwa parokia, na kwa kwaya ya Fizi. Kila faili ina jina la kinanda na tarehe. Katika daftari tumeandika aina ya kinanda, chaneli, namna ya kuzima ulinzi wa kumbukumbu, na tarehe betri ilipobadilishwa. Watu wawili, sio mmoja, wanajua kurudisha sauti, na kila mwaka kabla ya Majilio wanafanya jaribio. Sauti zilizonunuliwa kwa watengenezaji tunazihifadhi kwa matumizi yetu, hatuzigawi kama mali yetu. Jina la kijana wetu tunaliheshimu, basi na jasho la wageni tuliheshimu vilevile.

Ninyi mnaopiga vinanda leo, wengi wenu mtaondoka. Mtakwenda kusoma, kuoa au kuolewa, kutafuta kazi Uvira, Bukavu au ng'ambo ya ziwa. Si kosa kuondoka. Lakini aondokaye amwite anayebaki, aketi naye siku moja, amwonyeshe waya unapoingia. Nasi tunaobaki tuwape waondokao heshima yao kwa maandishi, ili wasiogope kukabidhi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kwaya au kikundi chenu, ni kitu gani kinachojulikana na mtu mmoja tu? Akisafiri kesho, nini kitasimama?

2. Je, kuna mwenzetu anayeficha ujuzi wake kwa kuhofia kwamba kazi yake haitaheshimiwa? Tumempa sababu gani ya kutuamini?

3. Kinanda chenu kinahifadhi sauti zake kwa betri au bila betri? Ni nani atakayelichunguza jambo hilo na kuwaeleza wengine kabla ya mkutano ujao?

4. Chagueni parokia moja jirani. Ni sauti gani, wimbo gani au ujuzi gani mnaoweza kuupeleka kwao, na ni upi mnaoweza kuuomba kutoka kwao?